“Nilikuwa Naangalia Ramani”: Maneno Matatu Yaliyomponza Dereva wa Waiyaki Way

“Wakili, kwani hii kesi si niliimaliza kortini?”

Ndivyo alivyoanza dereva mmoja wa teksi ya mtandao aliponijia ofisini, barua ya madai ameikunja mara nne na kuitia mfukoni. Faini alikuwa ameshalipa. Risiti alikuwa nayo, ameihifadhi kwenye bahasha moja na leseni yake, na kwa mawazo yake risiti hiyo ilikuwa mwisho wa habari. Ilinibidi nimweleze kwamba risiti ile ndiyo itakayomfunga mikono katika kesi ya pili, ile kubwa, ambayo ndiyo kwanza inaanza.

Amenipa ruhusa nikiandike kisa chake, nami nimegeuza mambo machache ili asitambulike. Nakiandika kwa sababu madereva wengi wa Nairobi ninaozungumza nao wanaamini hatari ya kutumia ramani ya simu ukiwa usukani ni kusimamishwa na trafiki na kulipa elfu mbili. Hiyo elfu mbili ni sehemu ndogo kabisa ya jambo lenyewe.

Jioni ya ajali

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Aprili, mvua ya masika imeshika, saa kumi na mbili unusu jioni. Alikuwa amembeba abiria kutoka Kangemi kwenda Parklands. Walipofika makutano ya James Gichuru abiria akasema hataki kulipia Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, basi wakabaki barabara ya chini, Waiyaki Way. Simu ilikuwa kwenye kishikio juu ya dashi, Google Maps imewashwa, sauti ameizima kwa sababu abiria alikuwa akiongea na mtu kwa simu yake.

Anayeendesha gari katika jiji hili anaujua mkanganyiko wa pale. Expressway ina urefu wa kilomita 27, kutoka Westlands hadi Mlolongo, na kwa sehemu kubwa imepita juu ya barabara ile ya zamani. Simu hutambua ulipo kwa mawimbi ya setilaiti, na makadirio yake hukosea kwa mita kadhaa. Kimo, yaani kama uko juu au chini, hukikosea zaidi. Barabara mbili zikipandana, programu haina budi kubahatisha. Jioni ile ilibahatisha kwamba gari liko juu, ikamwelekeza aendelee mbele moja kwa moja. Gari lilipokaribia njia ya kutokea kuelekea Westlands ikang’amua kosa lake na mshale ukageuka ghafla: kushoto, sasa hivi.

Papo hapo likachomoza ombi la safari nyingine, likaifunika ramani, sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma. Wanaofanya kazi hii wanajua maana yake. Usipogusa ndani ya sekunde chache, kazi imekwenda kwa mwenzako. Aligusa mara mbili, mara ya kwanza kulikubali ombi, mara ya pili kuirudisha ramani. Kisha akakata kushoto.

Kushoto kulikuwa na mtu wa boda, anapita kati ya gari na ukingo wa barabara. Mwendo wa gari, kwa maelezo ya dereva, haukuzidi kilomita 30 kwa saa, lakini pikipiki haihitaji zaidi ya hapo. Ilianguka, na mfupa wa muundi wa mguu wa kulia wa kijana yule ukavunjika.

Dereva alisimama. Watu walijaa kama kawaida yetu, na simu zikatolewa. Katika video moja fupi iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp la watu wa boda, anasikika akimwambia yule kijana aliyelala kwenye maji: “Pole ndugu yangu, pole sana. Sikukuona, nilikuwa naangalia ramani.”

Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Ni sauti ya mtu mwenye utu, na singependa kumtetea mtu ambaye angekaa kimya ndani ya gari, vioo juu, huku mwenzake akilia. Alimpeleka majeruhi hospitalini, akaenda kituoni kuripoti usiku uleule. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake, na aripoti polisi ndani ya saa 24 ikiwa mtu ameumia. Yote hayo aliyatimiza. Lakini pole ni kitu kimoja na maelezo ya namna ajali ilivyotokea ni kitu kingine, naye alivitoa vyote viwili kwa pumzi moja.

Ramani ni simu?

Jambo la kwanza aliloniuliza, na ndilo ninaloulizwa zaidi na madereva, ni kama kuangalia ramani ni kutumia simu. Yeye alishikilia kwamba hakumpigia mtu wala hakuandika ujumbe.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zimeweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa mwendoni. Neno ni “kutumia”. Halikutenga kupiga, kupokea, kuandika wala kutazama ramani. Kwa maoni yangu, aliyegusa skrini mara mbili gari likitembea ametumia simu, na sioni hakimu atakayeamua vinginevyo. Aliyeipachika simu kwenye kishikio, akaianzisha safari kabla ya kuondoka, halafu akafuata sauti tu, ana hoja ya kusimama nayo mahakamani. Na maneno “gari likiwa mwendoni” yanampa hoja nyingine aliyeshika simu akiwa amekwama kwenye jamu, gari limetulia tuli.

Wenzetu wa ng’ambo wameshapigania neno hilohilo. Huko Fresno, California, dereva mmoja alitozwa faini mwaka 2012 kwa kushika simu mkononi akitafuta njia ya kuukwepa msongamano. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikamwondolea hatia, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilihusu mazungumzo ya simu. Bunge la jimbo likaibadilisha sheria kuanzia 2017, na Juni 2025 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba kushika simu na kutazama ramani ni kosa, hata kama hukugusa kitu. Uingereza nayo iliziba mwanya wake tarehe 25 Machi 2022. Sasa kushika simu kwa karibu matumizi yoyote ukiwa usukani ni kosa la pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni, hata ukiwa umesimama kwenye taa. Simu iliyo kwenye kishikio inaruhusiwa, mradi isizibe macho ya dereva. Sheria yetu ingefaa iandikwe kwa uwazi wa namna hiyo, maana dereva anayeishi kwa ramani kuanzia alfajiri hadi usiku anastahili kuambiwa waziwazi mpaka uko wapi.

Hata hivyo mjadala huu wote haukumsaidia mteja wangu, kwa kuwa hakushtakiwa kwa kosa la elfu mbili. Alishtakiwa chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, kuendesha gari bila uangalifu unaostahili. Kosa hilo halimo katika orodha ya faini za papo kwa papo. Ni lazima ufike mbele ya hakimu, na kwa kosa la kwanza adhabu inaweza kufika shilingi 100,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Na kifungu cha 49 hakijali ulikuwa ukiangalia ramani, mtoto kiti cha nyuma au bango la matangazo. Swali lake ni moja: uliendesha kwa uangalifu ambao dereva makini angeuonyesha? Hoja ya gari lililosimama, hoja ya kishikio, zote zinabaki nje ya mlango. Kama yule kijana angefariki, tungekuwa tunaizungumzia hatari ya kifungu cha 46, kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, ambacho kifungo chake hufika miaka kumi.

Asubuhi ya kukiri

Hapa ndipo kisa kinaponiuma.

Alipopewa siku ya kufika mahakamani hakutafuta wakili. Aliwatafuta madereva wenzake, wakampa ushauri ambao nimeusikia mara nyingi katika veranda za mahakama za jiji hili: “Kubali tu, ulipe, urudi kazini. Ukikataa utasumbuliwa mwaka mzima.” Kwa mtu anayempelekea mwenye gari hesabu ya kila siku, mwaka mzima wa kwenda na kurudi kortini ni njaa nyumbani. Siwezi kumcheka aliyeufuata ushauri huo.

Basi akakubali. Shtaka likasomwa kwa Kiswahili, akasema ni kweli. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kisa, kwamba mshtakiwa, akitumia simu ya mkononi, alihama leni bila kuangalia na kumgonga mwendesha pikipiki. Akaulizwa kama maelezo hayo ni sawa. Akajibu, “Ni kweli, Mheshimiwa.” Faini ya shilingi 20,000 au miezi mitatu. Wenzake walichanga, akalipa kabla ya saa saba mchana.

Niliomba nakala ya mwenendo wa kesi nikitafuta ufa. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, hakimu anapopokea ungamo la kosa ana hatua za kufuata: shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, maelezo ya kisa yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza neno. Akionyesha kutokubaliana, ungamo lisiandikwe. Hakimu huyu alizifuata hatua zote. Ufa sikuuona. Aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia. Kilichobaki kwake ni kulalamikia adhabu, tena ndani ya siku 14. Yeye alinijia baada ya miezi mitano.

Kinachosikitisha ni kwamba upande wa mashtaka haukuwa na ushahidi mzito kuhusu ile simu. Abiria alikuwa ameingia gari jingine na kwenda zake bila kuandikisha maelezo. Majeruhi hakuiona simu. Alichokiona ni bampa. Ile video je? Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, haikubali ungamo katika kesi ya jinai isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kisichopungua inspekta akiwepo mtu ambaye mshtakiwa mwenyewe amemchagua. Maneno aliyoyasema kwenye mvua mbele ya watu wa boda hayafikii kipimo hicho. Kumbukumbu za kampuni ya teksi, zinazoonyesha saa na sekunde ombi lilipokubaliwa, zingeweza kuletwa, lakini ziwe na cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki. Hakuna aliyekuwa ameziomba.

Sisemi angeachiliwa. Kukata kushoto bila kutazama saidi mira kunatosha kumtia mtu hatiani hata kama simu angeiacha nyumbani. Ninachosema ni kwamba alikuwa na haki ya kukaa kimya na kuuacha upande wa mashtaka uthibitishe, haki iliyo katika ibara ya 50 ya Katiba, na aliitoa bure kwa dakika chache kwa kuwa hakuna aliyemwambia inamlinda na nini.

Kesi ya pili

Alichokuwa hakijui ni kwamba ungamo la asubuhi ile halikubaki katika chumba kile. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya jinai iliyotimia, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa hilo. Aliyeumia ana miaka mitatu ya kufungua madai ya uzembe. Wakili wake ataambatisha nakala ya hukumu, na suala la kama dereva alizembea litakuwa limekwisha kabla ya shahidi wa kwanza kuapa.

Ndiyo maana mteja wangu hawezi tena kusema mahakamani kwamba boda ndiye mwenye makosa. Lakini mlango haujafungwa wote. Katika Robinson dhidi ya Oluoch, uamuzi wa mwaka 1971, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba aliyetiwa hatiani kwa uzembe barabarani hawezi kukana uzembe wake, ila hatia hiyo haina maana kwamba ni yeye peke yake aliyezembea. Kijana alikuwa akipita upande wa kushoto wa gari, kwenye mvua, giza likiingia, bila koti la kung’aa. Helmeti alikuwa nayo, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Uamuzi huo wa zaidi ya nusu karne ndio uliotupa neno la kusema.

Na ile video, ambayo katika jinai isingepita, katika madai hupita. Kule kinga ya ungamo haipo. Kukubali jambo ni ushahidi wa kawaida, alimradi aliyeirekodi alete cheti. Maneno matatu yaleyale, mahakama mbili, matokeo mawili tofauti.

Sasa bima. Gari lilikuwa na bima ya wahusika wengine tu, kwa hiyo bampa na taa vilitengenezwa kwa pesa za mfukoni. Kwa majeruhi, Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari kwa wahusika wengine, inailazimu kampuni ya bima kulipa hukumu ya mahakama hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinawaangukia dereva na mwenye gari. Lakini katika mkataba wa bima kuna sharti ambalo ni wachache wanaolisoma: mwenye bima, au anayeendesha kwa idhini yake, asikubali kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kuridhia. Dereva alikuwa amekubali mara mbili, barabarani na kortini. Sheria inamlinda majeruhi hapo, maana sharti linalohusu mambo yaliyofanywa baada ya ajali haliwezi kumnyima fidia. Ila haimlindi aliyelivunja. Kampuni inaweza kulipa, kisha ikawageukia mwenye gari na dereva wake kuwadai ilicholipa. Barua yao ya kuhifadhi haki hiyo ilifika wiki ileile niliyoanza kulishughulikia faili.

Mwenye gari ni mama mmoja mstaafu aliyenunua gari hilo kwa akiba yake ya kazini, nalo ndilo mkate wake. Hakuwa Waiyaki Way jioni ile, wala simu ile si yake. Hata hivyo ni mdaiwa wa pili, kwa kuwa gari liliendeshwa kwa idhini yake na kwa faida yake. Aliponijia pamoja na dereva hakumfokea. Alimwambia tu, “Mwanangu, ungenipigia kabla ya kusema ndiyo.” Dereva aliinamisha kichwa. Wiki iliyofuata alilirudisha gari mwenyewe, hakungoja kuambiwa.

Nilifikiria pia kama lawama inaweza kwenda kwa programu iliyokosea juu na chini. Masharti ya matumizi ya Google Maps yanaeleza kwamba hali halisi inaweza kutofautiana na ramani, na kwamba mtumiaji atumie akili yake na anabeba dhima mwenyewe. Hata bila masharti hayo hoja ingekufa mapema. Mshale ulimwambia aende kushoto. Haukumwambia kwamba kushoto ni kutupu. Kosa la ramani lilipaswa kumpotezea dakika kumi, aendelee mbele hadi Museum Hill na kurudi. Nawaambia madereva hivi kila ninapopata nafasi: ukisema “ramani ilinielekeza” hujajitetea, umethibitisha kwamba macho yako yalikuwa kwenye skrini.

Wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye lile ombi la safari lililoifunika ramani. Huyu mtu riziki yake imetundikwa kwenye kioo kinachomtaka aguse ndani ya sekunde chache, saa ambayo gari haliwezi kusimama popote. Sheria inamwambia asiguse, kazi inamwambia usipogusa hukuli. Kanuni zinazosimamia teksi za mtandao zingeweza kuzilazimisha kampuni zisitume ombi gari likiwa mwendoni, au zipokee jibu kwa sauti. Simu yenyewe inajua mwendo wa gari. Hilo si jambo la kumshinda fundi wa programu, na lingeokoa miguu ya watu.

Hadi naandika haya, mawakili walioteuliwa na bima wamekubaliana na wakili wa majeruhi kugawana lawama asilimia 80 kwa gari na 20 kwa pikipiki. Kilichobaki ni kiwango cha fidia. Kijana aliwekewa chuma mguuni na bado anatembelea mkongojo. Ripoti mbili za madaktari zinatofautiana kuhusu kama ataweza kuendesha pikipiki tena. Madaktari wote wawili wataitwa mwezi ujao. Dereva ameomba awepo siku hiyo, ingawa halazimiki, na ameniuliza kama itamharibia kesi akimsalimu yule kijana kwenye veranda. Nimemwambia amsalimu, amuulize hali ya mguu, na asizungumzie ramani.